Kusindikizwa Gitothua

Sababu niliyoitangaza ya safari hii ni moyo. Daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni mwalimu, na nyakati za jioni huandika makala. "Kwa hiyo hufanyi kazi," alisema, akaniagiza nipande baiskeli mara mbili kwa juma, nijinyooshe viungo kila asubuhi, na Jumamosi nitembee mwendo mrefu kwa miguu.

Sababu ambayo sikuitangaza ni Wairimu, mke wangu. Mvua ndefu zilipoanza, mama yake aliteleza akitoka mtoni, akavunjika paja, na Wairimu akaenda kwao Gitothua, kule Ruiru, kumwuguza. Sasa mahindi yalikuwa yamevunwa na mfupa umeunga, lakini mke wangu alikuwa bado huko. Hospitali ilimwambia mama atembee kila siku. Mama akakataa kabisa. Na maadamu hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono, Wairimu hawezi kurudi Thika. Binti yetu Wangui alikuwa shule ya bweni. Nyumbani nilibaki mimi na sufuria ambayo sikujua ugali wake huanza kuungua saa ngapi.

Jumamosi alfajiri nilijinyoosha chumbani, nikashindwa kugusa vidole vya miguu kama kawaida, nikatoka. Baiskeli niliiacha imeegemea ukuta. Jirani yangu Mama Kamau alikuwa akifagia.

"Mwalimu, gurudumu limetoboka?"

"La, ni zima. Natembea tu."

"Ai! Na hiyo umeiacha ilinde nyumba?"

Kwenye daraja la Ndarugu palikuwa na kizuizi. Siku hizo za Hali ya Hatari, chini ya serikali ya kikoloni, sisi wa huku hatukutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila pasi, na yangu ilikuwa sawa. Kilichomsumbua askari ni miguu yangu.

"Una baiskeli?"

"Ninayo."

"Mbona unatembea?"

"Kwa ajili ya afya."

"Wewe mgonjwa?"

"Natembea ili nisiugue."

Alinitazama kama anayehesabu uwongo wangu, akafungua mkoba. Akakuta mkate, majani ya chai na sukari.

"Na hivi?"

"Vya mama mkwe."

"Sasa si ungesema unaenda kwa wakwe!" Akafurahi, akanirudishia pasi. "Nenda. Kiatu chako kimefunguka."

Kutoka hapo ni mkonge tu, mistari kwa mistari, hadi macho yachoke. Watu wa maziwa walinipita kwa baiskeli zao wakinionea huruma. Nilikuwa nimedhani kutembea kutanipumzisha mawazo. Kumbe miguu ikishaizoea njia, kichwa hubaki bila kazi, nacho hakikuwa na jingine ila Wairimu. Yeye hutembea haraka. Jumapili tukienda kanisani hutangulia hatua kadhaa, halafu husimama na kugeuka: "Twende, mtu wa vitabu." Miezi hiyo yote nilikuwa nikilala upande wangu wa kitanda, wa mlangoni, bila kuugusa wake wa ukutani, kama mpangaji anayemwogopa mwenye nyumba. Hapo katikati ya mkonge nilijikuta nakwenda mbio, na hapakuwa na mtu mbele yangu.

Nilifika Gitothua jua likiwa kali. Wairimu alikuwa uani akipepeta maharagwe. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye leso, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye vumbi la viatu.

"Umekonda, Baba Wangui."

"Ni mazoezi."

"Ni njaa hiyo."

Maneno yetu ya faragha yaliishia hapo. Mkwe ni mgeni wa heshima, na heshima yenyewe ni kukalishwa kwenye kiti kizuri mbali na kila unayetaka kumkaribia. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa chumba, mguu umenyooshwa, akizungumza nami huku akiutazama mlango.

"Mwalimu, baiskeli umeuza?"

"Hapana, Mama. Daktari amesema nitembee."

"Uende wapi?"

"Popote. Kutembea tu, kisha nirudi."

"Bila kwenda mahali?"

"Ndiyo. Kama wewe ulivyoambiwa."

Wairimu, aliyekuwa akileta irio, alisimama. Mama akacheka kidogo, si kwa furaha.

"Hao madaktari wenu wamesoma shule moja. Nizunguke boma langu kama kuku aliyefungwa kamba? Nikiwa na pa kwenda, nitakwenda."

Nilikula. Niliongezewa, nikala tena. Nilikuwa nimekuja kuomba mke wangu, na elimu yote ya chuo cha Kampala haikunipa sentensi ya kuanzia.

Alasiri niliaga, maana ilibidi niwe Thika kabla ya giza. Nilipoinuka, mama mkwe alinyoosha mkono.

"Wairimu, nipe fimbo."

"Ya nini, Maitu?"

"Mkwe wangu anaondoka. Nani atamsindikiza, mbuzi?"

"Nitamsindikiza mimi."

"Wewe ni mkewe. Mimi ndiye mwenye boma. Mgeni atatoka kwangu peke yake kama aliyefukuzwa? Na usinishike!"

Akasimama. Tukatoka, mimi mbele kando kidogo kama inavyopasa, yeye nyuma na fimbo yake, Wairimu nyuma yake mikono wazi kama anayesubiri chungu kianguke. Sijawahi kutembea polepole kwa bidii namna ile. Mama alinisimulia habari za ng'ombe wa jirani aliyekula mihogo. Tukapita ghala. Tukapita choo. Nilimtazama Wairimu, naye akanitazama, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Kwenye lango la ua mama alisimama akihema, jasho puani.

"Nimekufikisha hapa tu, unisamehe. Jumamosi ijayo nitakufikisha njia panda."

Ulimi uliniwasha nimwambie: Mama, umekwishapita choo, nipe mke wangu. Lakini angegundua kwamba ametembea, angeketi tena hadi Krismasi. Nikashukuru kwa kusindikizwa, nikainamisha kichwa.

Waligeuka kurudi. Safari hii mama alikubali kushikwa mkono. Walipofika karibu na ghala Wairimu aligeuza shingo, vile anavyogeuka njiani kwenda kanisani.

"Baba Wangui! Njoo Jumatano pia. Na usikae sana!"

Njia nzima ya mkonge niliyabeba maneno hayo. Katika miaka yote ya ndoa yetu nimeambiwa mengi mazuri, mengine nikayaandika. Sikujua kwamba iko siku mke wangu atanihimiza niondoke haraka, nami nijisikie kama bwana harusi.

Jumatano nilikwenda. Chai niliinywa nimesimama.