Siku Mama Aliponyamazia Plasmoni

Mama yangu ni fundi cherehani, na hata akiwa amebana pini midomoni huongea. Mteja humletea suruali ya kupunguzwa, akaondoka na habari za ukoo wetu mzima. Kwa hiyo mchumba wangu alipomweleza kwamba kazi yake ni kuongoza mwanga usioonekana juu ya utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, Mama hakumwacha hata amalize.

"Huyo tapeli," akaniambia jikoni, kwa sauti iliyofika mpaka sebuleni alikoketi mchumba mwenyewe. "Mwanga gani usioonekana? Sikuozi mpaka niuone."

Basi nikampeleka maabara, roho juu. Ndoa yangu ilikuwa mikononi mwa mwanamke asiyeamini hata mizani ya muuza nyama.

Mchumba alimwonyesha kipande cheusi kinachong'aa, kidogo kuliko ukucha. "Ule utando wa kaboni, grafini, uko hapa, Mama. Tukiumulika kwa infraredi, ule mwanga usioonekana, elektroni zinayumba kwa pamoja, na kule kuyumba kunaubeba mwanga juujuu ya utando. Ndiyo plasmoni."

"Sioni kitu."

"Sindano hii ya mashine ndiyo itakayotuonyesha. Inapapasa polepole, mstari kwa mstari. Ila mtu akiongea inatikisika, picha inaharibika."

Nikajua tumekwisha.

Mama akaketi, mkoba mapajani. Mashine ikaanza kazi, mistari ikajichora kwenye skrini mmoja mmoja. Mama akavimba mashavu. Akajiziba mdomo kwa leso. Akanikodolea macho kama mtu aliyepaliwa. Nilicheka kimoyomoyo mpaka mbavu zikaniuma, huku nikimwomba Mungu Mama asipasuke.

Picha ilipokamilika, kando ya ukingo wa utando yalionekana mawimbi, yamepangana kama mishono. Mama aliinama, akayatazama asibanduke. Lakini katikati palikuwa na mstari mmoja uliokwenda mrama.

"Hapa kuna mtu ameongea," mchumba akasema, sauti imemnyong'onyea.

"Ni mimi," Mama akajibu, kaangusha macho chini. Sijawahi kumwona hivyo. "Nimejitahidi, mwanangu, nimeshindwa. Nilipoona yale mawimbi yanatokea, nikanong'ona humu humu kwenye leso."

"Ulisema nini, Mama?"

"Nilisema, waoane tu."

Ilibidi kipimo kirudiwe. Mchumba alijaribu, akaacha. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kuliko ile sindano.