Tano za Chokaa

Shule ilinifukuza kwa mimba. Aliyenipa mimba alibaki, akafanya mtihani, kisha akanioa akiwa na cheti mkononi. Kwa hiyo niliposikia shule moja mjini Mtwara inatafuta msaidizi wa maabara, na kuna jaribio la kemia, hasira niliyokuwa nayo ingetosha kujibia watu kumi.

Siku moja kabla ya jaribio nilikaa jikoni kwetu Chuno, mtoto mgongoni, nikihesabu atomi za chokaa iliyozimwa kwa maji: Ca(OH)₂. Kalisi moja, oksijeni moja, hidrojeni mbili. Nne. Kitabu kikasema tano. Nikakitukana.

Mama mkwe alikuwa akifunga bidhaa zake za sokoni. Kila jani la mgomba lilipata kipande kimoja cha muhogo na kiganja kimoja cha njugu mawe.

"Kitabu kimekukosea nini?"

Nikamwonyesha mabano na ile mbili ndogo nje yake. "Hii si nyongeza ya herufi ya mwisho tu, Mama? Kama unavyowaongezea wateja njugu."

Akanitazama kama nimetia chumvi kwenye chai. "Nyongeza naiweka juu ya jani. Hivi vimefungwa pamoja. Mtu akitaka vifurushi viwili, nimpe muhogo mmoja na viganja viwili vya njugu? Atanitupia usoni. Hiyo ndiyo shule mliyokuwa mnalala huko huko?"

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Oksijeni mbili, hidrojeni mbili, kalisi moja. Tano! Jioni nzima sikushikika: chumvi atomi mbili, magadi sita, sukari arobaini na tano. Mume wangu akaniomba nimpe chai tu, bila hesabu.

Kesho yake nilimwachia mama mkwe mtoto, nikaenda. Mwalimu wa maabara alitazama maziwa yaliyolowesha blauzi yangu kabla ya kutazama karatasi yangu.

"Dada, kazi hii ina asidi. Mwenye mtoto mchanga ataiweza?"

"Mtoto haji kuinywa, Mwalimu. Uliza swali."

Akaandika ubaoni chokaa ile ile. "Moli moja ya hii ina moli ngapi za oksijeni?"

Nikaona majani mawili ya mgomba. "Mbili. Atomi zote pamoja, moli tano."

"Na atomi zenyewe?"

"Tano mara sita nukta sifuri mbili, mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu. Nikuhesabie moja moja?"

Akafuta ubao taratibu. "Jumatatu, saa moja na nusu."

Nilikimbia hadi nyumbani, mwanamke mzima. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mtoto begani.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Basi Jumatatu naenda naye sokoni. Sasa mnyonyeshe, amelia tangu ulipotoka."

Nikamnyonyesha nimesimama, nacheka peke yangu.