Siku Mama Tanuri Alipoitwa Kushukuru

Mama Tanuri hakuwa mtu wa asante. Ukimletea kuni, atakwambia mbichi. Ukimsalimia vizuri, atakutazama kwanza ajue unataka kukopa nini. Mtaa mzima ulimjua hivyo na ulinunua mkate wake hivyo hivyo, maana ulimi ulikuwa mchungu lakini mkate ulikuwa mkate.

Nyumba yao ilishikana ukuta na shule. Upande huu tanuri la matofali, meza ya kukandia na mumewe, Baba Watoto, mtu wa mikono mizito na maneno machache. Upande wa pili, watoto na kelele zao. Saa ya ukutani ilikufa zamani kwa kumeza unga, na hakuna aliyehangaika kutafuta nyingine. Ya nini, na kengele ipo? Kengele ya mstarini ikilia, mikate inaingia. Kengele ya kumaliza kipindi cha kwanza ikilia, mikate inatoka. Ndiyo maana likizo ikifika mkate wao ulikuwa bahati nasibu, leo mkaa, kesho tope, na wateja walikuwa wakiunusa kwanza na kuuliza, "Shule zimefungwa, eh?"

Watoto wao wote walisoma hapo. Wa kwanza sasa muuguzi, wa pili fundi umeme, wa tatu yuko mbali anasomea mambo ambayo hata yeye akiyaeleza anachoka njiani. Hao Mama Tanuri hakuwashangaa sana. Walizaliwa na midomo. Aliyemkosesha raha ni kitinda mimba.

Huyo binti nyumbani alikuwa anaongea mpaka anakatazwa, lakini akivuka mlango tu, sauti inabaki ndani. Dukani hasemi. Kwa jirani hasemi. Watu wakamwita Bubu, tena mbele ya mama yake, na waliomwita hivyo mpaka leo hawauziwi mkate wa moto. Wanapewa wa jana, na wanajua kwa nini. Siku ya kumpeleka shule, Mama Tanuri alimkabidhi getini kwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mwembamba, miwani imefungwa uzi.

"Huyu hatakujibu," akamwambia. "Na usinipigie mtoto."

"Sina haraka, mama," mwalimu akasema.

Haya, tutaona, Mama Tanuri akajisemea, akarudi kwenye unga wake.

Sasa binti amemaliza shule, na wenzake wamemchagua yeye ndiye awaage walimu mbele ya ukumbi mzima.

"Wewe?" mama yake akauliza. "Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, mama."

Juu ya hilo Mwalimu Mkuu akatuma ujumbe: familia ya mwoka mikate ndiyo iliyokaa na shule miaka mingi kuliko zote, basi mama aje aseme neno la shukrani. Mama Tanuri akaona kama ameitwa polisi. Kutukana angeweza bila kujiandaa. Kushukuru alikuwa hajawahi.

"Tutawaokea," akaamua. "Shule nzima itakula mkate. Mkate utasema."

Unga wa siku hiyo aliukanda mwenyewe. Mumewe alipotaka kusaidia alipigwa kofi mkononi. Ukaumuka vizuri, laini kama shavu la mtoto mchanga. Kengele ya mstarini ikalia, mikate ikaingia, Mama Tanuri akaenda kuvaa. Hajamaliza kufunga kitambaa kichwani, kengele ikalia tena. Alipotoka, mikate yote ilikuwa mezani, myeupe kama watu waliotishwa.

"Umefanya nini, Baba Watoto?"

"Kengele imelia."

"Leo kuna kipindi gani? Hiyo ni ya kuwaita wageni wakae."

Baba Watoto akaitazama mikono yake, kama yeye pia anataka kujua iliagizwa na nani. "Kengele ni kengele," akasema.

Mama Tanuri akabonyeza mmoja. Kidole kikazama, shimo likabaki.

"Rudisha ndani."

"Nikirudisha utapata matofali."

Kweli, na ukweli huo ndio uliomuudhi zaidi. "Kwa hiyo niende mikono mitupu?"

"Si una mdomo? Mtaa mzima unaujua."

Akaenda. Miaka yote hiyo alikuwa hajavuka geti lile. Vikao vya wazazi alikuwa akimtuma mumewe akasinzie huko. Akaingia na macho ya kutafuta kasoro, maana mtu akiogopa hushika anachokiweza. Akapita darasa la watoto wadogo. Vigingi vya kutundikia mikoba viko chini, usawa wa kiuno chake, na juu ya kila kigingi picha, huku samaki, huku kijiko, kwa ajili ya wasiojua bado kusoma. Dawati moja limetiwa kiraka cha mbao. Akapitisha kiganja kwenye kiraka akitegemea mwiba. Hakuna. Mtu alikaa chini akalipiga msasa mpaka chini ya meza, mahali pasipoonekana na yeyote ila goti la mtoto. Akasimama hapo. Yeye anapaka siagi mikate juu tu.

Ukumbini binti yake akapanda jukwaani. Alisema mpaka nyuma kabisa wakasikia, akawachekesha walimu, akamtania mwalimu wa hesabu na koti lake, na watu wakacheka pale alipotaka wacheke. Mama Tanuri alimtazama kama mtu anayetazama mto umepanda mlima. Mwanangu huyu. Nani kamfungua? Na alimfunguaje?

Ndipo Mwalimu Mkuu akamwita.

Akasimama mbele na mikono mitupu. Akafungua mdomo. Hakuna. Akatafuta hata tusi, nalo limekimbia. Ukumbi ukaanza kukohoa, Mwalimu Mkuu akainuka kidogo kumwokoa, mtu huku akanong'ona, "Leo kapatikana."

Mstari wa mbele alikaa yule mwalimu wa darasa la kwanza, nywele zimeshaingia mvi. Hakutikisa kichwa kumhimiza. Hakumsaidia neno. Hakuangalia chini kumwonea haya. Alimtazama tu, ametulia, kana kwamba ukumbi hauna watu na siku haina jioni, na lolote litakalotoka litafika kwa wakati wake.

Kumbe ndivyo walimu walivyongoja, Mama Tanuri akaelewa. Kila asubuhi, kwa mtoto wangu. Mimi nisingeweza hata siku moja.

"Mikate tumeiharibu," akasema mwishowe. Watu wakacheka, akawasubiri wamalize. "Na mimi nimetafuta kasoro humu tangu getini. Mfereji wa bati unavuja pale kona. Nyingine sijaiona."

Mwalimu bado anamtazama. Bado hana haraka.

"Asante," Mama Tanuri akasema. Neno likatoka dogo, likikwaruza, kama la mtu anayejaribu lugha ya kigeni. Akaona halijatosha, akalisema tena.