Siku Walipounganisha Bagika na Bagalu

Siku niliyoripoti kazini Bariadi nilikuta ofisi ya utamaduni ndiyo stoo ya nyavu za magoli. Mkuu wangu, Afisa Utamaduni wa Wilaya, alizisukuma pembeni kwa mguu nikapata pa kukaa, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu Shishiyu, kule Maswa.

"Basi ngoma unazijua, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma ingawa nilikuwa binti mbichi. "Ila hapa hatuchezi. Sisi tunatazama."

Wakati huo Simiyu haikuwa mkoa. Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Vijana wa leo wakisikia afisa utamaduni hudhani ni mtu wa kushika kipaza sauti kwenye sherehe. Sisi tulisajili vikundi, tukatoa vibali vya ngoma, na pamba ikishavunwa tulizunguka vijijini kusimamia mashindano mpaka viatu vikaisha soli.

Mashindano yenyewe hayakuwa na jaji. Wachezaji wa Kisukuma wana vyama viwili tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Vikundi huingia uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji hukimbilia kule wanakovutwa, na jua likizama, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Kiongozi wa kikundi huitwa ningi. Ndiye mtunzi wa nyimbo, na nyingi kati ya hizo ni za kumsimanga ningi mwenzake, wakijibizana ubeti kwa ubeti.

Katika kijiji chetu kimoja, Migato, ningi wa Bagalu alikuwa Luhende na wa Bagika alikuwa Jilala, aliyemwoa dada yake Luhende. Mashemeji hao walitukanana kwa nyimbo msimu mzima, na mvua zikianza walilima pamoja. Mara ya kwanza kuwaona, nilikodoa macho kwa wachezaji kama mgeni. Mkuu wangu akanigeuza bega.

"Usitazame miguu yao. Tazama migongo ya watu. Mgongo haudanganyi."

Nikajifunza kutazama migongo. Na nyuma ya migongo ile nikaona jambo jingine: akina mama na sufuria zao za matobolwa, yale mabamba makavu ya viazi yaliyochemshwa, mafundi baiskeli, wauza togwa. Mafundi cherehani wa Bariadi mjini hawakupumzika, maana Bagalu hawakukubali kuvaa vibaya kuliko Bagika. Biashara yote ile ililishwa na fahari, kila upande ukitaka kumshinda jirani.

Zikaja siku za ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, mabanda ya video yakafunguliwa, na kila mkubwa akawa anazungumzia soko huria. Mkuu wangu akastaafu, nami nikakaimu nafasi yake. Mkurugenzi mpya wa Halmashauri akaniita. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka.

"Magari ya watalii yanapita barabara ya Kalemela kwenda mbugani, wala hayakati kona kuja kwetu," alisema. "Nataka yakate. Tutengenezee kikundi kimoja cha wilaya. Sare moja, nusu saa, mbele ya nyumba ya wageni."

"Mheshimiwa, wale ni vyama viwili. Wanashindana."

"Mgeni hawezi kuoneshwa ugomvi. Mgeni anataka kuona umoja."

Nilimweleza habari ya migongo. Akacheka kwa upole, akasema hayo ni ya zamani. Ushindani si ugomvi, lakini kumweleza hivyo mtu aliyekwisha kuagiza vitambaa vya sare ni kumpigia mbuzi gitaa.

Luhende alipopata habari alinifuata ofisini. Alikaa, kofia magotini.

"Mayu, nikisimama upande mmoja na shemeji yangu, nitamshinda nani?"

Wakacheza, kwa kuwa serikali imesema. Watalii walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaenda zao. Mimi nilitazama migongo. Ilikuwa ya wageni wachache na ya watumishi tuliolazimishwa kufika. Watu wa Migato hawakuja, maana hapakuwa na wa kushinda wala wa kushindwa. Akina mama walijitwisha sufuria zilizojaa wakarudi nazo nyumbani. Nilitamani kulia pale pale, mbele ya Mkurugenzi.

Msimu uliofuata magari yalipita Kalemela bila kukata kona. Tukawaambia Migato warudie mashindano yao ya zamani. Wakajaribu, lakini nyimbo za masimango hazikuwaka tena kwa watu waliokwisha kuvaa sare moja, na vijana walikuwa kwenye video. Nikahamishiwa Maswa. Huko ndiko nilikopata habari kwamba Jilala amefariki. Nilikwenda kuzika. Luhende alisimama kaburini akafungua kinywa, kisha akakifunga.

Nimestaafu sasa, na mkoa tumepata. Juzi afisa utamaduni wa sasa, binti mwenye adabu na bidii, alikuja kuniomba nimpeleke Migato. Wanataka tamasha la utalii, na safari hii wamesikia: wanataka mashindano ya kweli, pande mbili. Moyo wangu uliruka. Tukaenda.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu Luhende. Amezeeka, macho yamefifia, lakini sauti yangu aliitambua. Binti akamweleza vizuri, kwa heshima. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na ngoma yake. Akaifuta vumbi kwa kiganja, akaipiga kidogo. Ililia vizuri.

"Na upande wa pili," aliuliza, "yuko nani?"

Binti akanitazama mimi. Nami miaka yote ile ya kazi nilifundishwa kutazama, nikashindwa kumtazama yule mzee usoni. Luhende alisubiri kidogo, kama alivyokuwa akisubiri zamani, Jilala amalize ubeti wake. Kisha akaibeba ngoma akairudisha ndani.