Chachu ya Scholastika

Bibiana wa Newala hakuwa mtu wa kubembeleza chochote, si mbuzi wala mume, lakini chungu kimoja kilimtia adabu. Kilikaa pembeni mwa meko, kimefunikwa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na chachu aliyoianzisha bintiye Scholastika: unga na maji tu, vilivyoachwa vikachacha. Kila asubuhi huchotwa nusu ya kukandia mikate, kisha chungu hulishwa konzi ya unga na kikombe cha maji. Chachu ikiachwa na njaa siku nyingi, hufa. Na Newala kikombe cha maji si mchezo. Zipo Jumapili Bibiana alikwenda kanisani hajanawa uso ili chungu kipate.

Scholastika alijifunza kazi hiyo jikoni kwa masista, miaka ile ya shida ambapo hamira ilisikika kwa jina tu. Ngano ikikosekana aliilisha chachu unga wa mtama, nayo ikaishi. Mikate aliipika kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na ilikuwa na uchachu wa mbali ambao watu waliufuata wenyewe hadi mlangoni.

Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa khanga, sabuni za harufu, na hamira ya pakiti inayoumua unga kabla hujamaliza kumsengenya jirani. Bibiana alivutiwa, usimcheke. Lakini Scholastika alikuwa ameanza kuugua, anakonda, hana tena nguvu za kukanda, na jambo moja tu alilishikilia.

"Mama, ukitaka hamira nunua. Chachu yangu usiiache ife."

"Haifi mimi nikiwepo," Bibiana akamjibu.

Miezi minane aliwalisha wote wawili kwa mikono yake. Mgonjwa haulizwi uji, kwa hiyo alipika hata alipokataliwa. Chungu kilikula, mtoto hakula. Mwezi wa Machi Scholastika akafariki, ana miaka ishirini na sita.

Mfiwa hafanyi kazi. Bibiana alikalishwa mkekani, akina mama wakaishika nyumba. Siku ya kwanza alikikumbuka chungu. Siku ya pili alikikumbuka zaidi, akafungua kinywa, akakifumba. Angesemaje? Udongo wa kaburi haujakauka, yeye anauliza habari za unga? Aliona haya, akanyamaza, na kwa hilo hakujisamehe.

Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, jirani yake Ziada, mama yake Awadhi, akaja kupiga magoti kando yake. Alfajiri alikuwa ameteremka bondeni na wanawake wanne, wakapanda mlima na ndoo kichwani, wakaosha kila chombo cha nyumba ile.

"Mama Scholastika, uji wa marehemu ulikuwa umechacha chunguni. Tumeumwaga, usije ukauona ukaumia. Chungu tumekisugua kwa majivu."

Ndoo tano za maji, kutoka bondeni, kwa miguu. Asante ya punda ni mateke, na Bibiana hakuwa punda.

"Mungu awalipe, Mama Awadhi," akasema. Moyoni alikuwa amefiwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na wa kumpa pole.

Baada ya arobaini akachanganya unga na maji upya. Hakutumaini kitu. Alisubiri, akamwaga nusu, akalisha, akasubiri tena, na siku ya nane kukatoka povu. Akakanda, akapika, harufu ikawaleta majirani mlangoni, akampa Ziada kipande kingali cha moto.

"Mwenzangu, huu ni uleule wa Scholastika," Ziada akasema, akifurahi kwa ajili yake.

Bibiana akatafuna. Kweli, ulikuwa uleule, na uchachu wake wa mbali. Muda wote ule aliamini kwamba mwanawe amebaki kidogo mle chunguni. Kumbe ni unga na maji, yeyote angeweza. Akauweka mkate chini, akalia kwa sauti pale mlangoni mbele ya watu, kwa sababu sasa Scholastika hakuwa amebaki popote.