Kambale Wasio na Miili

Mimi ndiye niliyechora ramani ya shimo lile, na mpaka leo sijaona ramani iliyonyooka kama ile. Nasema mapema ili msomaji ajue anaongozwa na mtu anayeijua kazi yake. Niliondoka Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, na kaptula moja, nikaosha sufuria kwenye bweni la wachimba migodi huko Kitwe, nikasoma upimaji wa ardhi kila nilipotoka zamu, na katika miaka ya sabini nikarudi na diploma, suruali mbili za tetroni na viatu vya kisigino. Hakuna aliyenilipia hata kalamu.

Nilimkuta mama mmoja wa Kizungu, mtafiti wa mambo ya kale, amepiga hema kwenye mwinuko juu ya ziwa. Hakutafuta dhahabu, kama watu walivyodhani. Alitaka kujua watu wa zamani sana walikula nini, na maji ya Mweru yalifika wapi enzi zao. Alikwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi, akauchekecha, akaweka kando mifupa, makaa na magamba ya konokono. Kiswahili alijifunzia Tanzania, kwa hiyo tulielewana, ingawa wachuuzi waliovuka kutoka Kongo walicheka kila aliposema "tafadhali", neno lisilotumika kwao.

Alinipa kazi siku ileile aliyoiona diploma yangu. Wiki mbili baadaye kila mtu, kuanzia sokoni mpaka kambi za wavuvi za kisiwa cha Chisenga, alikuwa amesikia kutoka kinywani mwangu kwamba ziwa letu litaandikwa kitabuni, na kwamba kamba ya kupimia nimeishika mimi.

Shida ilikuwa vichwa. Tulipofika kina cha magoti tulikuta majivu na mifupa mingi ya samaki, karibu yote ya kambale, na karibu yote ya kichwa. Uti wa mgongo hatukuuona.

"Labda imeoza," nilisema.

"Mifupa ya ndege haijaoza, tena ni myembamba zaidi," alijibu mtafiti. "Miili ilikwenda wapi?"

Nikampa jibu siku iliyofuata, kwa maandishi, kurasa mbili zenye pambizo safi. Mamba walikula miili, niliandika, na watu wale, kwa kukosa nyavu, waliokota vichwa vilivyobaki. Mtafiti alisoma mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

"Nisipoweza kulieleza shimo hili," alisema, "Jumamosi nitalifukia na kuhamia Mbala."

Ilikuwa Alhamisi. Nilifikiria soko zima likiniuliza kitabu kiko wapi.

Mchana huo nilikwenda kula kwa mama yangu mdogo, mzaliwa wa upande wa Kongo, aliyekausha samaki kwa moshi palepale ufukweni. Alikuwa na vichanja vitatu na ulimi mkali. Aliniwekea bukari, ndio ugali wa kwao, na juu ya mboga akaweka kichwa cha kambale, macho yananitazama.

"Mama mudogo," nikalalamika, "mutu wa diploma unamupa kichwa?"

"Mwili iko ku moshi, inaenda Kitwe. Kule weye ulikuwa unakula nini?"

"Kambale mukavu."

"Na kichwa yake ulionaka?"

Miaka yote ile mjini nilinunua kambale mkavu asiye na kichwa, na sikujiuliza hata mara moja kichwa kilibaki wapi.

"Kichwa iko na maji mingi, haikauke mbio," aliendelea, akigeuza samaki. "Ikioza, inaharibisha na mwili. Donc, basi, tunakata, tunakula hapa. Batu ba diploma banakula kule mbali, banazania samaki anazaliwaka bila kichwa!"

Nikatazama chini. Majivu, vichwa, na hakuna uti wa mgongo hata mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye shimo letu, ila hili lilikuwa bado linatoa moshi.

Nakiri kwamba njiani nilipanga kusema nimelifikia jambo hili kwa hesabu za upimaji. Lakini mama mdogo alinifuata nyuma, kisu mkononi, akitaka kuona shimo ambalo watu wamelipwa kulichimba. Nilipomweleza mtafiti habari za vichwa na moshi, naye akauliza, "Umejuaje?" mama mdogo alijibu kabla yangu.

"Amekula kichwa."

Akashuka shimoni na kuokota mfupa mmoja, akaweka kisu chake nyuma ya mfupa huo.

"Banakata fasi moja na miye," alisema. Mtafiti akaleta kioo cha kukuzia, akafuta vumbi kwa brashi. Mkato ulikuwepo, mwembamba, mahali palepale. Kwenye mfupa wa pili ulikuwepo pia.

"Basi hapa palikuwa kambi ya kukausha," mtafiti alisema taratibu. "Na miili, mama? Waliila akina nani?"

"Batu ba mbali," alijibu, akanitupia jicho. "Kila mara ni ba mbali."

Jumamosi hatukufukia kitu. Kazi iliendelea mpaka mvua zilipoanza, na soko likanisalimia kwa heshima yangu yote. Karatasi ya mamba niliwashia moto wa chai. Kisha mtafiti akaniagiza nichore ramani ya vichanja vya mama mdogo kwa kipimo kilekile, ili iwekwe pamoja na ile ya shimo. Nilipomaliza nilimwonyesha mama mdogo mwenyewe. Akaikagua muda mrefu kuliko mwalimu yeyote aliyenisahihisha.

"Moto iko. Vichwa biko. Sahani yako iko wapi?"

Nikamweleza kwamba mpimaji hajichori ndani ya ramani.

"Weka," alisema.

Nikapima, nikaweka: kiduara kidogo kando ya moto, kwa kipimo sahihi kabisa.