Leo mimi ndiye niliyekuwa honi ya gari

Sijawahi kumwambia mtu: mimi husoma kitabu cha injini ya gari la baba mdogo kama wengine wanavyosoma hadithi.

Leo kimetuokoa!

Tulikuwa tunapeleka samaki wa shangazi sokoni Awendo. Kufika Lambwe, injini ikachemka. Baba mdogo akashika kifuniko cha rejeta.

"Usifungue! Utaungua!"

Ndiyo, ni mimi niliyepiga kelele. Mimi!

"Wewe salamu tu unaogopa, injini utaijulia wapi?" baba mdogo akashangaa.

"Mwache ajaribu," shangazi akasema. "Samaki wangu wataoza hapa."

Feni ya kupoza injini ilikuwa haizunguki. Nikashuku rilei, kile kiboksi kidogo kinachoiwasha. Na rilei ya honi ni ya aina ileile! Injini ilipopoa tukaongeza maji, nikang'oa ya honi, nikaipachika kwenye feni.

Ikazunguka! Shangazi akapiga vigelegele.

Mbele kidogo, ng'ombe wamejaa barabarani. Baba mdogo akabonyeza honi.

Kimya.

Wote wakanigeukia.

Jamani, ningefanya nini?

Nilitoa kichwa dirishani nikawapigia ng'ombe kelele, kundi baada ya kundi, mpaka Awendo. Samaki walifika salama. Sauti yangu haikufika.